Shaba Nyekundu, Shaba Manjano

Wanangu mnaojifunza umeme, kabla hamjanunua bisibisi jifunzeni kwanza kuyaita madini kwa majina yake. Najua mnacheka. Na mimi nilicheka, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndani ya ovaroli iliyonizidi kimo, miguu yake nimeikunja mara tatu, buibui langu nimelitundika nyuma ya mlango wa karakana. Nilidhani ufundi ni mkono tu. Sikujua kuwa neno moja, neno nililolisikia jikoni kwetu tangu sijaota meno, lingekaribia kunipotezea mtu niliyempenda kama baba.

Mimi ni Zuhura. Sasa nakaa Mpendae, mguu mmoja unanisumbua, macho bado mazima. Wazee wenzangu wananiita Bi Zuhura Waya, na jina silikatai, nimelifanyia kazi.

Lugha yetu ni tamu, lakini kwenye madini ina ujanja wake. Hebu tazameni wenyewe. Fedha ni madini meupe ya bangili za bibi zenu, na fedha ndiyo hiyo hiyo mnayoihangaikia kutwa. Risasi ni madini mazito, laini, ya kuzibia mabomba, na risasi ndiyo inayotoka kwenye bunduki. Na shaba, basi shaba nitaieleza pole pole, maana ndiyo iliyonipiga.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Hilali. Alikuwa mtu mwembamba, kofia ya vito, ile ya kudarizi kwa mkono, imekaa sawa hata akiwa juu ya ngazi, vidole vyake virefu vimejaa makovu ya kuungua. Watu wake walikuwa Waarabu wenye mashamba ya karafuu. Yeye mashamba hakuyapenda tangu ujana, alipenda waya. Mapinduzi yalipokuja mashamba yakaenda, yeye akabaki na mfuko wake wa vifaa. "Mashamba yalikuwa ya baba," aliniambia siku moja, akiupigapiga ule mfuko. "Haya ndo yangu."

Lakini nasaba yake haikumwacha. Mimi niliingia kazini miezi michache baada ya Mapinduzi, walipotaka na sisi wasichana tushike kazi za mikono, na niliyaona kwa macho yangu. Taa zikizimika mtaani, fundi mwengine aliulizwa, "Kimeharibika nini?" Fundi Hilali aliulizwa, "Umefanya nini?" Neno hujuma lilikuwa linatembea mjini likitafuta mtu wa kumkalia. Sote pale karakanani tulijua, ingawa hapana aliyesema kwa sauti, kwamba kosa ambalo mimi ningekaripiwa tu, yeye angechukuliwa kwalo, na waliochukuliwa hawakuwa na desturi ya kurudi mapema. Alikuwa na mke mgonjwa na binti mmoja. Basi kila siku alifanya kazi kama mtu anayevuka kwenye utelezi.

Siku yangu ya kwanza hakunipa waya wala koleo. Alipanga mezani vipande vinne vya madini akaniambia nifumbe macho, kisha akavigusisha shavuni mwangu kimoja kimoja.

"Kipi baridi kuliko vyenzake?"

"Hiki, Fundi. Hiki cha mwisho."

"Fumbua."

Kilikuwa kipande chekundu cha shaba. Akaniambia, "Vyote vimelala chumba kimoja, mwanangu, na joto lao moja. Hichi hakina baridi. Hichi kinalila joto la shavu lako upesi kuliko vyenzake, ndo maana unakiona baridi."

Nilikishika tena. Nikakigusisha shavu la pili, nisiamini. Miaka kumi na tisa nimeishi duniani nikisema chuma ni baridi na mti si baridi, kumbe nilikuwa naliona joto langu mwenyewe likitoka.

Akamwita muuza kahawa aliyekuwa akikaa nje ya karakana yetu, mzee mmoja mnung'unikaji mwenye dele lake la kahawa juu ya makaa. Fundi akachukua utepe wa shaba na mwengine wa chuma, urefu mmoja, unene mmoja, kila mmoja akaugandisha njiti ya kibiriti huku juu kwa tone la nta. Akazisimamisha ndani ya kahawa inayochemka. Tukangoja. Njiti ya shaba ikainama, ikaanguka. Ya chuma ilisimama pale imara mpaka muuza kahawa akaanza kudai dele lake.

"Sasa lisikie hili ulitie moyoni," alisema Fundi Hilali, na sauti yake ikashuka kama mtu anayeingia msikitini. "Madini yanayokimbiza moto ndo hayo hayo yanayokimbiza umeme. Njia yao moja. Asiyeweza kuuona umeme, autazame moto."

Subhanallah. Nilimkumbuka mama yangu kwetu Kikwajuni, anavyoshika sufuria kwa tambara na mwiko wa mti kwa mkono mtupu. Alikuwa anaisoma elimu hii miaka yote na hapana aliyempa cheti.

Nikamuuliza ni madini gani yanayopitisha umeme kuliko yote. Akasema ya kwanza fedha, ya pili shaba, ya tatu dhahabu. Niliionea huruma dhahabu, kwa maringo yake yote kuwa ya tatu. Bwana Makame, msimamizi wetu, mtu mnene asiyepitwa na neno, alikuwa anapita. "Fedha ya kwanza?" akasema. "Hilo mbona nnalijua bila ya kusoma. Fedha inapitisha hata yaliyokatazwa kupita." Fundi Hilali alicheka mpaka akavua kofia. Siku zile hakuwa akicheka sana, ndiyo maana naikumbuka.

Na desturi moja aliyonitia mkononi siku hiyo hiyo ilikuwa ile ya nta. Kila alipounga kitu, kila alipokaza skrubu kwenye ubao wa swichi, alidondosha tone dogo la nta pembeni ya kiungo. Asubuhi ya pili alipita kutazama. Tone likiwa zima, kiungo kizima. Tone likiwa limetiririka, basi hapo pana joto, na penye joto kuna kasoro: skrubu imelegea, au kutu, au madini hayatoshi mzigo. "Nta haisemi uongo," alikuwa akisema, "wala haiulizi wewe mtoto wa nani." Nyinyi leo mna vyombo vya kupima joto kwa mbali, mnaelekeza tu na namba zinasoma. Vizuri. Lakini wekeni na mshumaa mfukoni, betri zenu zinakwisha.

Kisa cha risasi nikuelezeni, maana bila ya hicho hamtajua tulivyokuwa tukiishi.

Kebo za chini ya ardhi za zamani zilivikwa ganda la risasi ili maji yasiingie. Ukishaunga kebo unaliziba ganda kwa risasi ya kuyeyusha, unaifuta kwa kitambaa chenye mafuta wakati ingali laini kama uji mzito. Ni kazi ya dakika chache, ukichelewa imeganda, ukiwahi imemwagika. Siku moja Fundi Hilali yumo ndani ya shimo pembeni ya njia, mimi niko juu na jiko na chungu cha kuyeyushia. Akapaza sauti kutoka shimoni, "Zuhura! Risasi!"

"Zimebaki kidogo, Fundi! Nlete nyengine?"

"Leta! Leta zote! Upesi kabla hajatoka mtu!" Alikuwa na maana kabla watu hawajatoka msikitini wakatukanyagia vitu vyetu.

Nilipogeuka, kijana mwenye bunduki alikuwa amesimama nyuma yangu. Umri wake haukuzidi wangu. "Nani yumo shimoni?" akauliza. Kofia ya Fundi ikachomoza, kisha uso wake, na kijana alipouona ule uso mkono wake ukakaza.

"Risasi za nini?"

"Za kuzibia," akasema Fundi Hilali.

"Unataka kumziba nani?"

Leo nikisimulia watu hucheka, na mimi hucheka nao. Siku ile hakucheka mtu. Nilichukua kipande cha risasi, nikakikata kwa kisu mbele yake. Mnajua risasi ikikatwa? Nje ni kijivu cha majivu, ndani inang'aa kama kioo, na ukiitazama hivi hivi inafifia mbele ya macho yako, hewa inaifunika tena. Nikampa kisu akate na yeye. Akakata. Akatazama ule mng'aro unavyokufa, akakata tena, akakipinda kipande kwa vidole viwili. "Kumbe laini hivi!" akasema, na bunduki ilikuwa imekwisha kuning'inia begani kama mwavuli. Akatia kipande kimoja mfukoni akaenda zake.

Fundi Hilali hakuweza kuifuta ile risasi. Alinipisha, na kiungo kile nikakifuta mimi, cha kwanza maishani mwangu, kikatoka kibaya lakini maji hayakuingia.

Sasa shaba.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Kwenye ubao mkubwa wa swichi pale hospitali palikuwa na kiungo kinachounganisha upande mmoja wa ubao na wa pili, kipande bapa, urefu wa shibiri, upana wa vidole viwili. Kila umeme unaokwenda kwenye pampu ya maji na chumba cha upasuaji ulipita hapo. Nilikuwa nikikitazama kile kipande na kustaajabu. Hakisogei, hakitoi sauti, hakibadiliki rangi, na ndani yake kunapita kazi ya watu mia. Basi kiungo hicho kikaonekana kina ufa karibu na tundu la skrubu. Cha akiba hapakuwa. Meli zilikuwa hazileti vitu, tukiomba skrubu tunaambiwa tungoje.

Fundi Hilali siku hiyo alikuwa ndani ya shimo jengine kule Kiembe Samaki, na kazi ya kebo haiachwi katikati. Nikafunga waya za muda mahali pa kile kiungo, nikamfuata huko na baiskeli, nacho mkononi. Ghalani tulikuwa na mikato ya waya tu, hapana kitu bapa cha kipimo kile. Akaniambia kutoka chini, uso wote jasho, "Nenda kwa Mzee Abdi, mfua shaba, kule Mji Mkongwe. Mwambie akukatie kipande cha shaba kama hicho, sawasawa, kwa urefu na unene. Ukifunge leo. Usisahau nta."

Mzee Abdi alikuwa akifua masinia na njumu za milango, zile kubwa zinazochomoza. Nikampa salamu yake, nikampa kiungo. Alikigeuza geuza. Sasa jueni hili: kile kiungo kilikuwa kimevikwa bati juu yake, kama walivyofanya zamani, ili kisile kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Rangi yake haikuonekana. Kilikuwa cheupe kilichofifia tu.

"Fundi Hilali anataka shaba, kipimo hichi hichi," nikasema.

"Shaba?"

"Shaba safi, Mzee."

"Mwanangu, hapa hapana kisicho safi. Hii ndo inayotiwa milango ya mabwana."

Akanikatia kipande, akakipiga tupa, akakisugua kwa majivu na ndimu mpaka uso wangu nikauona ndani yake. Kilikuwa manjano. Kiking'aa! Kwetu sinia ni shaba, birika ni shaba, njumu ni shaba, na vyote hivyo ni manjano. Nani angeniambia hii siyo? Nikaenda hospitali, nikazima swichi kuu kwa dakika zangu chache, nikafunga, nikakaza, nikawasha. Nikarudi nyuma kutazama. Ubao wote wa kijivu, na katikati kipande changu kinawaka kama jua la asubuhi. Nikatoa mshumaa. Nikautazama mshumaa, nikakitazama kile kipande. Nikaona haya kukichafua kwa nta.

Hayo ndiyo makosa yangu mawili, wanangu, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza ni la kutojua. La pili nililijua.

Shaba ya manjano si madini ya peke yake, ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Mchanganyiko huo mgumu, unang'aa, una mlio mzuri, ukiugonga unaimba. Lakini umeme ndani yake unakwenda kwa shida. Kwa kipimo kile kile haupitishi hata theluthi ya unaopita kwenye shaba nyekundu, unakaribia robo. Na shida hiyo inageuka joto. Siku ya tatu, asubuhi, kile kipande kiliunguza ganda la waya za jirani yake, waya zikagusana, ubao ukazimika. Pampu ikasimama. Wauguzi walipandisha maji ngazini kwa ndoo asubuhi nzima, na daktari alimaliza kazi yake dirishani kwa mwanga wa jua. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Hilo neno nimelisema katika sala zangu mara nyingi.

Tulipofika mimi na Fundi Hilali, alikifungua kile kipande akakitia kiganjani kikiwa bado kina joto. Aliniangalia, kisha akaangalia pale pembeni panapokaa nta, pakavu. Nilitamani anipige kofi.

Tulipomaliza kufunga waya za muda tukarudi karakanani, hatujakaa wakatujia: Bwana Makame, uso umemshuka, na bwana mmoja kutoka juu, mwenye suti ya kijivu na daftari. Yule bwana hakukaa. "Nani kakifunga hichi kitu?" akauliza.

Na kabla sijafungua mdomo, Fundi Hilali akasema, "Mimi."

"Jina lako kamili."

Akalitaja, lake, la baba yake, la babu yake, mpaka la ukoo, na kila jina lilikuwa linamzidishia mzigo. Yule bwana akaandika yote. Akasema, "Utakuja na sisi baada ya sala ya adhuhuri. Chukua shuka."

Semeni mtakavyo, niliogopa. Ulimi ulikaa mdomoni kama kipande cha risasi. Fundi Hilali akaanza kupanga vifaa vyake ndani ya mfuko, kila kimoja mahali pake, koleo, tupa, bisibisi kubwa, bisibisi ndogo, kama mtu anayemwandalia mwengine. Alipotoa mshumaa akaniwekea mimi mezani. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Bwana," nikasema, "si yeye. Nmekifunga miye."

Yule bwana akacheka. Bwana Makame akaninong'oneza, "Zuhura, usimtetee mtu, utajiponza."

"Simtetei. Nmekifunga miye, na nta skutia miye. Na si hujuma, ni neno. Nipeni dakika kumi nkuonesheni."

Nilitoka nje, nikalichukua dele la kahawa pamoja na makaa yake, na mwenyewe akanifuata akilalama, "Jamani, kahawa yangu! We mtoto, una wazimu!" Nikaliweka mezani, kifuniko nikakitoa. Katika mfuko wangu kile kiungo cha zamani chenye ufa kilikuwapo bado. Nikakiweka pamoja na kile cha manjano, kipimo chao kimoja, maana Mzee Abdi hakukosea hata unywele. Nikagandisha njiti kwa nta kwenye ncha za vyote viwili, kwa mshumaa ule ule wa Fundi, nikavisimamisha ndani ya kahawa inayochemka.

"Bwana," nikamwambia, "ipi itaanguka mwanzo?"

Akavitazama. Kimoja cheupe kikuukuu, chenye ufa. Kimoja kimeungua pembeni lakini bado kina sura ya mlango wa tajiri. "Hiyo ya manjano," akasema. "Ndo madini yenyewe hayo."

Tukangoja. Sauti iliyosikika ni ya makaa tu. Nilikuwa nasoma kila dua niliyofunzwa chuoni, na zile ninazozijua nusu. Nikafikiri, kama yale ya siku ya kwanza yalikuwa mchezo, kama nta leo itasema uongo, huyu mtu anakwenda. Njiti ya kile kikuukuu ikatikisika. Ikainama. Ikaanguka mezani, tik. Ya manjano ilisimama wima. Tulingoja tena, na tena, mpaka yule bwana akainama kuitazama kwa karibu.

Nikakitoa kile cha zamani kwa koleo, nikakipiga tupa mara tatu mbele ya macho yake. Bati likatoka, chini yake kukatokea wekundu, wekundu wa nyama hai. Bwana Makame alisema "Lahaula!" Hata muuza kahawa alilisahau dele lake.

"Hii shaba," nikasema. "Na hii ya manjano, bwana, tunaiitaje?"

Akafikiri. "Shaba," akasema. Kisha akasema tena, pole pole, "Zote si shaba?"

"Ndiyo, bwana. Hivyo ndivyo nilivyosema na miye."

Akafungua daftari, akashika kalamu. Watu wa cheo siku zile hawakuwa wakipenda kusema hatukujua. Mwishowe akauliza, na hakuniuliza mimi, alimgeukia Fundi Hilali, "Sasa nandike nini hapa?"

"Andika shaba nyekundu, bwana," akasema Fundi. "Na wengine wasije wakapotea."

Akaandika. Akafunga daftari akaondoka, na shuka halikuchukuliwa. Mimi nilipewa adhabu ya kusugua ncha za waya kwa msasa miezi mitatu, na nilizisugua nikiimba. Muuza kahawa hakutusamehe mpaka Idi.

Alipotoka yule bwana nilimuuliza Fundi Hilali, kwa hasira, machozi yananitoka, kwa nini alijitaja yeye. Mimi wangenigombeza tu, yeye alikuwa anajua wazi anakopelekwa.

"Aliyesema shaba akaishia hapo nani?" akajibu. "Nlikutuma kwa nusu neno. Na ukubwa ni jaa, mwanangu."

Kiungo kipya tulikitengeneza wote watatu. Tulipata kipande kinene cha waya wa kebo kuukuu, Mzee Abdi akakifua kiwe bapa. Hapo nikaona ajabu nyengine. Shaba nyekundu ukiifua sana inakuwa ngumu na kupasuka, na dawa yake ni kuipasha mpaka iwe kama kaa, kisha kuitumbukiza majini. Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba inalainika, inarudi kama mtoto aliyelala. Maji yale yale, moto ule ule. Mzee Abdi alifua, akapasha, akatumbukiza, akafua tena, na kila mara alisema "nyekundu, nyekundu," kama anajifunga kwa nadhiri. Tulikivika bati, tukakifunga, na nta nikaitia mimi.

Miaka ilikwenda. Ikaja aluminiamu, nyepesi, rahisi, nayo ina siri yake: ukiikwangua tu inajivika ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, na ukiiunga na shaba bila kinga kwenye hewa yetu hii ya chumvi, zinalana. Fundi Hilali aliisoma kwa wiki moja tu, na mvi zake, akatufunza sisi vijana. Bado alikuwa akistaajabu. Nadhani ndilo jambo nililompendea zaidi.

Miaka ya sabini ilipoingia, mkewe alikuwa ameshakufa na binti ameolewa mbali. Watu wengi wakati ule waliondoka, na waliondoka kimya, kwa sababu aliyeagwa na wengi alifika machoni mwa wengi. Jumatatu moja Fundi Hilali hakuja kazini. Wala Jumanne. Bwana Makame hakuuliza, na kwa hilo Mungu amlipe. Mimi nilikasirika. Nilisema, miaka yote ile, hata neno!

Asubuhi ya Jumanne hiyo nikapita hospitali kukagua ubao kama desturi. Kwenye kile kiungo chetu tone langu la zamani halikuwapo, limekwanguliwa. Mahali pake palikuwa na tone jipya. Nta tulikuwa tukiidondosha tu, hatukuigusa kwa mkono. Hii ilikuwa imebonyezwa, na ndani yake mlikuwa na alama ya dole gumba, mistari yote, na kovu la kuungua linalokata katikati.

Nilisimama pale mpaka muuguzi akaniuliza kama naumwa.

Ubao ule ulikuja kung'olewa baada ya miaka mingi, wakati mimi mwenyewe nina wanafunzi. Niliomba nipewe kile kiungo, wakanipa, hawakuona faida yake. Nimekiweka kabatini, ndani ya kanga. Maisha yake yote kilipitisha umeme wa hospitali nzima, na ile nta haijayeyuka. Mkija Mpendae nitawaonesha, lakini msiiguse.